Koitalel arap Samoei na Mkono wa Amani

Jina la Koitalel arap Samoei mmelisikia katika somo la historia, lakini habari za kifo chake na kesi iliyofuata hupitwa haraka mno darasani.

Babake, Kimnyole, alikuwa Orkoiyot wa Wanandi, na ndiye aliyetabiri ujio wa nyoka wa chuma. Koitalel alirithi cheo hicho, na nyoka huyo alipofika kwa jina la reli, alimpinga bila kuchoka. Kwa miaka kumi hivi, kuanzia 1895, Wanandi waliwasumbua Waingereza kwelikweli. Nyaya za simu zilikatwa zikageuzwa mapambo, na vyuma vya reli vikawa silaha! Hata reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, vita havikukoma.

Basi Kapteni Richard Meinertzhagen akamwita Koitalel kwenye mazungumzo ya amani huko Nandi Hills, tarehe 19 Oktoba 1905. Kumbe askari wengine walikuwa wamefichwa karibu. Wanandi husimulia kwamba Koitalel alinyoosha mkono wa salamu akapigwa risasi papo hapo. Wenzake zaidi ya 20 waliuawa naye.

Je, sheria ilisemaje? Meinertzhagen alidai kwamba yeye ndiye aliyetegewa mtego. Mahakama za kijeshi za uchunguzi ziliketi mara tatu, na mara zote tatu akaonekana hana hatia. Jamani, mshtakiwa mwanajeshi, waamuzi wanajeshi, wewe ungetarajia nini? Hata hivyo minong'ono haikuisha, na mwaka wa 1906 aliondolewa nchini. Huko kwao alipanda cheo hadi kuwa Kanali, akafa mzee mwaka wa 1967.

Wanandi walinyang'anywa maelfu ya ng'ombe na kusukumwa nje ya sehemu kubwa ya ardhi yao nzuri. Barsirian arap Manyei, mwanawe Koitalel, alikamatwa mwaka wa 1923 na kuzuiliwa hadi 1964, yaani hata Uhuru ulimkuta kizuizini.

Fimbo za uongozi za Koitalel, ambazo muuaji alizichukua, zilirudishwa mwaka wa 2006 kutoka kwa jamaa yake Uingereza. Wazee wa Nandi hushikilia kwamba kichwa cha shujaa wao pia kilipelekwa huko, nao wameendelea kukidai.