Beatrix Potter na Sungura Wake

Mdogo wangu ana miaka minne na akiona kitabu hutoroka. Juzi mama alinipa pesa za kitabu kimoja tu cha picha. Hapa Makongeni, Thika, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, nilishika kile kikubwa kuliko vyote, ati ndicho cha maana. Halafu nikamkumbuka Beatrix Potter.

Alizaliwa London mwaka wa 1866. Hakupelekwa shule, alifunzwa nyumbani, akafuga wanyama na kuwachora. Mwaka wa 1893, mtoto wa aliyekuwa mwalimu wake aliugua. Beatrix akamwandikia barua yenye hadithi na michoro ya Peter, sungura mtundu aliyeingia shamba la mtu. Baadaye akaigeuza kitabu, lakini wachapishaji kadha wakakikataa. Je, alikata tamaa? Wapi! Desemba 1901 alichapisha nakala 250 kwa pesa zake mwenyewe. Alishikilia kitabu kiwe kidogo, kitoshe mikono ya watoto, na bei isiumize mzazi. Mwaka wa 1902 kampuni ya Frederick Warne ilikitoa kwa picha za rangi, kikapendwa mno. Alifariki mwaka wa 1943, lakini Peter angali anachekesha watoto.

Basi nikarudisha lile buku, nikachukua kijitabu cha kuenea kiganjani, picha nyingi, maneno machache. Usiku huo mdogo wangu alicheka hadi akashika mbavu. Nilipofunga kitabu, alikifungua tena mwenyewe. Kweli, udogo wa kidonge si udogo wa dawa!