Robert Koch: Daktari wa Vita na Rojo ya Mwani

Ndugu askari, wewe ulindaye ufuo wa Ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac, jua kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa jeshi la Wajerumani waliweka kambi za wagonjwa wa malale katika mwambao huo. Mpango wao ulitokana na kazi ya Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mjini Clausthal, Ujerumani. Vita na Ufaransa vilipozuka mwaka 1870, alijitolea kuwa tabibu wa jeshi. Baada ya vita alijitia katika utafiti wa vijidudu.

Kizuizi chake kilikuwa kimoja: katika supu vijidudu vya kila namna huchanganyika, wala huwezi kumtambua mhalifu kati ya umati. Akaviotesha juu ya jelatini iliyoganda, kila aina ikakaa mahali pake. Lakini jelatini huyeyuka kwa joto la mwili. Ndipo Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake, akashauri agari, rojo ya mwani aliyoitumia jikoni. Ikisha kuganda, haiyeyuki hata joto lifikie nyuzi 80. Koch aliitaja agari mwaka 1882 alipotangaza kijidudu cha kifua kikuu, lakini mama huyo hakumtaja.

Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka uliofuata alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, kutibu malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Kipimo kilipozidishwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka. Hata hivyo dawa hiyo ilipelekwa katika kambi za Tanganyika, na wagonjwa wengine wakazikimbia. Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden.

Rojo ile haikufa naye. Leo wataalamu huchapa kwa mashine jeli zenye maji mengi na chembe hai ndani yake, wakijaribu kuotesha ngozi na gegedu kwa ajili ya majeruhi. Kanuni ni ileile: kilicho hai chahitaji mahali imara pa kushika.

Basi maisha ya Koch yatufunza mambo mawili. Subira humfichua adui aliyejificha. Lakini mwenye mamlaka juu ya watu waliomo kambini, awe tabibu au askari, asisahau kwamba hao ni binadamu, si vijidudu katika sahani.