TROMBONI ILIYOSEMA: JOE "TRICKY SAM" NANTON

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuiona tromboni katika bendi ya Jeshi la Wokovu: ala ndefu ya shaba ambayo mpigaji huivuta na kuisukuma kama mtu anayepiga pasi. Sasa fikiria ala hiyo ikilia kama mtoto, ikigune kama mzee aliyekosa ugoro, kisha icheke! Hayo ndiyo aliyoyafanya Joe Nanton, wala hayakuwa mazingaombwe.

Alizaliwa New York, Marekani, mwaka wa 1904. Wazazi wake walitoka visiwa vya West Indies. Mnamo 1926 Duke Ellington alimtaka katika bendi yake achukue nafasi ya Charlie Irvis. Nanton alisitasita, kwani Irvis alikuwa rafiki yake. Mwishowe alikubali, akadumu humo karibu miaka 20.

Humo alimkuta Bubber Miley, ambaye tarumbeta yake ilinguruma kama simba. Nanton aliuchukua ufundi huo akautia kwenye tromboni. Na silaha yake, jamani, ilikuwa nini? Kile kikombe cha mpira cha kuzibulia sinki! Alitia kiziba-sauti kidogo cha tarumbeta ndani ya mdomo wa tromboni. Halafu kwa mkono wa kushoto, ule ule ulioishika ala, akawa anafunika na kufunua kwa mpira, huku wa kulia ukivuta na kusukuma. Sauti ikatoka na irabu, "ya-ya", kama mtu anayeteta. Kwa kuwa mkono wake mmoja ulifanya kazi ya miwili, mwenzake Otto Hardwick alimbandika jina la "Tricky Sam", yaani Sam mwenye hila.

Kuanzia Desemba 1927 walipiga katika Cotton Club, mtaani Harlem. Wanamuziki walikuwa weusi, wateja weupe, na muziki wao ukaitwa wa msituni. Mimi naona jina hilo lilimkosea heshima. Kweli, katika "Black and Tan Fantasy" ya 1927 tromboni yake inalia kama farasi, lakini sikiliza "Ko-Ko" ya 1940: huyo ni binadamu anayesema, tena ana uchungu.

Mwishoni mwa 1945 alipatwa na kiharusi. Akarudi kazini, lakini tarehe 20 Julai 1946, bendi ikiwa safarini, alifariki San Francisco. Baadaye Ellington aliwaleta Tyree Glenn, kisha Quentin Jackson, na kila mmoja ikambidi ajifunze kushika mpira wa sinki.