Apolo Kivebulaya: Mtu Aliyerudi kwa Waliompiga

Andiko: Wafilipi 2:5-8

Somo letu ni unyenyekevu. Wengi hudhani unyenyekevu ni kuongea polepole na kukaa kiti cha nyuma. Hebu tutazame maisha ya Apolo Kivebulaya wa Uganda.

Apolo alizaliwa karibu mwaka 1864 huko Buganda. Kabla ya kumjua Yesu alikuwa askari, mtu wa pombe na bangi. Alibatizwa Januari 1895, na mwaka uo huo akatumwa kuhubiri Toro. Mwaka 1896 akaenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, ambako leo ni Kongo.

Chifu wa Mboga, Tabaro, hakumtaka. Alikataza watu wasimpe chakula. Akaamuru apigwe, na Apolo akaachwa karibu kufa. Wakati mwingine alisingiziwa mauaji, akafungwa gerezani Toro. Sasa fikiria: askari mzima, mtu wa ufalme mkubwa wa Buganda, anafanyiwa hivyo na chifu wa mahali padogo! Angeweza kusema amedharauliwa vya kutosha, abaki Toro ahubiri kwa heshima. Nani angemlaumu?

Lakini Apolo alirudi Mboga. Mwishowe Tabaro mwenyewe aliokoka, akabatizwa jina la Paulo.

Mpendwa, kiburi si majivuno ya mdomo tu. Kuna kiburi kinachovaa nguo ya uchungu. Mtu anaondolewa uongozi wa kwaya, ama jina lake linasahauliwa kwenye harambee, basi anahama kanisa. Ati anangoja aombwe msamaha kwanza. Apolo angengoja hivyo, Tabaro angehubiriwa na nani?

Cheo nacho hakikumbadilisha. Alifanywa kasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akapewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Hakuhamia mjini akale matunda ya cheo. Miaka hiyo, akikaribia umri wa miaka 60, alikuwa akiingia msitu wa Ituri kuwahubiria Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao. Wataalamu husema msitu wetu wa Kakamega ni kipande kilichobaki cha msitu huo mkubwa wa Kongo.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Sisi hapa tunajua uzito wa mahali mtu anapozikwa. Apolo hakutaka kurudishwa Buganda. Aliomba azikwe Mboga, kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi huko haikuwa imeisha.

Basi jiulize wiki hii: Tabaro wangu ni nani? Usingoje aje. Enda kwake, hata kama kosa ni lake.

Ombi la wiki: Bwana, nipe moyo wa kurudi mahali nilipoaibishwa, nikalitangaze jina lako wala si langu. Amina.