Siti binti Saad na Hadhira Yake
Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Sauti yake aliinoa akinadi vyungu, kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Taarabu ya kasri iliimbwa kwa Kiarabu; yeye akaiimba kwa Kiswahili. Hadhira yake ya Ng'ambo haikuwa ya kupiga makofi tu: ilimletea habari za mitaani na mahakamani, ikazisikia tena usiku zimekuwa nyimbo. Ndivyo “Kijiti” ulivyosimulia kesi iliyowafunga mashahidi wanawake ilhali mwuaji ametoroka. Mahasidi walipomsimanga kwa sura na nasaba, alijibu kwa wimbo. Wasikilizaji wengi walikuwa wazawa wa watumwa kama yeye. Jibu hilo, bila shaka, lilikuwa lao pia. Mwaka 1928 alirekodi santuri Bombay. Alifariki Julai 1950.