Malkia Soraya na Shule ya Wasichana

Mara nyingi husimuliwa habari za mashujaa walioshika mikuki na bunduki. Mimi leo nawaletea shujaa ambaye silaha yake ilikuwa ubao na chaki. Huyo si mwingine ila Soraya Tarzi, malkia wa Afghanistan.

Soraya alizaliwa mwaka wa 1899 mjini Damascus, nchini Syria. Babake, Mahmud Tarzi, alikuwa mwandishi mashuhuri ambaye jamaa yake ilikuwa imefukuzwa kwao na mtawala wa Afghanistan. Baba huyo hakubagua mtoto wa kike na wa kiume. Soraya alisoma, akajua lugha kadhaa. Waliporuhusiwa kurudi Kabul, kijana wa mfalme aitwaye Amanullah alimpenda, wakaoana mwaka wa 1913.

Mwaka wa 1919 Amanullah alishika utawala na nchi ikajipatia uhuru kamili kutoka kwa Waingereza. Sasa kazi ikaanza. Mwaka wa 1921 Soraya alisaidia kufungua shule ya wasichana mjini Kabul. Mamake, Asma Rasmiya, akaanzisha gazeti la wanawake mwaka huohuo. Sheria nayo ikakataza kuoza watoto wadogo. Mwaka wa 1928 wasichana kadhaa wakapelekwa Uturuki kuendelea na masomo. Hebu fikiria, msichana wa Kabul kusafiri ng'ambo kusoma siku zile! Lilikuwa jambo la ajabu kweli.

Lakini waama, penye miti hapana wajenzi. Mwaka wa 1928 Soraya na mumewe walizuru Ulaya. Picha zake akiwa bila shela zikasambazwa vijijini, watu wakachemka. Waliporudi, alivua shela hadharani. Kabla mwaka haujaisha, uasi ukazuka, na Januari 1929 Amanullah akaacha kiti. Tena, katika kuwatuliza waasi, alikuwa amekubali shule za wasichana zifungwe na wale waliokuwa Uturuki warudishwe nyumbani. Yaani wa kwanza kutolewa kafara walikuwa wanafunzi!

Tulipojadili habari hizi chamani, wenzangu wengi, hasa wavulana, walimlaumu Soraya. Walisema haraka haraka haina baraka, na kwamba angevaa shela yake tu, nchi ingetulia. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kodi zilikuwa zimepanda, na askari walikuwa wamepunguziwa mshahara. Askari mwenye njaa atampigania mfalme gani? Mbona basi lawama zote zitwikwe kichwani mwa mwanamke mmoja na picha zake? Nakubali kwamba wakulima wa milimani walistahili kuelezwa polepole kabla ya kuamrishwa. Hata hivyo, kosa hilo lilikuwa la serikali nzima. Shule haikuwa na kosa lolote.

Soraya aliishi uhamishoni Italia karibu miaka 40. Akiwa huko mbali, mbegu yake ilichipuka. Katiba ya mwaka wa 1964 iliwapa wanawake haki ya kupiga kura, na mwaka wa 1965 wanawake 4 wakachaguliwa kuingia bungeni. Naamini habari hizo zilimfariji. Alifariki mjini Roma mwaka wa 1968, akazikwa Jalalabad, kando ya mumewe.

Wasomaji wapenzi, hii si hadithi ya kale tu. Mwaka wa 2021 Taliban walirudi madarakani, wakawazuia wasichana kuendelea na masomo baada ya darasa la sita. Desemba 2022 wakawafungia vyuo vikuu pia. Mimi nina miaka 16 na niko kidato cha tatu. Ningalizaliwa Kabul, ningalikuwa nimekaa nyumbani, nikihesabu siku. Kwa hivyo nikisikia mwenzangu akinung'unika eti hesabu ni ngumu afadhali aache shule, nashangaa sana.

Walimu wetu, tufundisheni bila kuchoka. Nanyi wavulana, msiseme haya ni mambo ya akina dada. Mlango uliomfungia dadako humfungia pia mwanao wa kesho, kwani atalelewa na nani? Soraya alipoteza kiti cha enzi, lakini jina lake halijazikwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.