Paavo Nurmi: Mkimbiaji Aliyeshika Saa

Wanachuo wenzangu, tukiongelea mbio ndefu kila mtu anataja Wakenya na Waethiopia. Sawa kabisa. Ila kabla yao alikuwepo Mfini mmoja, Paavo Nurmi, ambaye mimi namhesabu kuwa mwalimu.

Alizaliwa Turku mwaka 1897. Baba yake alifariki 1910, nyumbani hali ikawa ngumu, kijana akaacha shule na kuwa mtoto wa kutumwa kwenye duka la mikate. Akawa anasukuma mkokoteni kwenye vilima vya mji. Hayo ndiyo yakawa mazoezi yake ya mwanzo.

Olimpiki ya 1920 alichukua dhahabu tatu, lakini mita 5,000 alishindwa na Mfaransa Joseph Guillemot. Miaka iliyofuata akajulikana kwa jambo moja: alikimbia na saa mkononi. Wenzake wanatazamana, yeye anatazama sekunde. Kila mzunguko kwa mwendo uleule.

Kwa nini hilo lilifaa? Miaka hiyohiyo ya 1920, mwanasayansi Mwingereza A. V. Hill alikuwa anakimbia mwenyewe akiwa na mfuko wa kukusanyia hewa anayotoa, ili apime oksijeni. Akaona kwamba mwili una kikomo cha oksijeni unayoweza kutumia kwa dakika. Ukizidisha kasi kupita hapo, misuli inakopa. Na deni hilo lina mwisho wake. Sasa anayetoka mbio kama mshale anakopa lote mapema, halafu njia iliyobaki anajikokota. Yaani nguvu ya soda. Hill akafikia hitimisho kwamba mwendo wa kulingana ndio unaolipa zaidi.

Paris, 10 Julai 1924, Nurmi alishinda fainali za mita 1,500 na 5,000 ndani ya muda usiofika saa mbili. Siku mbili baadaye, kwenye mbio za nyika, joto lilikuwa kali mno: walianza 38, wakamaliza 15. Wa kwanza? Nurmi.

Mwaka 1932 alizuiwa kushiriki Olimpiki kwa madai ya kupokea pesa. Lakini 1952 ndiye aliyeingia na mwenge kwenye uwanja wa Helsinki. Alifariki 1973, akiwa na dhahabu tisa za Olimpiki.

Sisi tunaosomea ualimu tunakwenda kusimamia michezo mashuleni. Mtoto akikata pumzi mzunguko wa pili, ni rahisi kumwambia hana kipaji, akae pembeni. Huenda pumzi anayo, ila hakuna aliyemfundisha kuigawa. Kabla hujamfuta kwenye orodha, mpe saa. Mwambie mzunguko wa kwanza aumalize kwa sekunde ngapi, na wa pili vilevile. Ndipo umpime.